Kaunta Kwanza: Panga Foleni ya Intaneti ya Duka Lako Kabla ya Siku ya Bonasi

Kama una duka Litein, Kapkatet, Sotik, Mogogosiek au soko lolote la huku kwetu kwenye majani chai, huhitaji kalenda kujua bonasi imeingia. Utajua kwa foleni. Viwanda vilivyo chini ya KTDA huwalipa wakulima wadogo kiasi fulani kwa kila kilo ya majani mwezi baada ya mwezi, halafu bonasi hufuata baada ya hesabu za mwaka unaofungwa tarehe 30 Juni. Mara nyingi pesa hizo hufika mwezi wa Oktoba. Wiki hiyo, anayedaiwa analipa, anayejenga ananunua mabati, na mzazi anachukua unga na sukari kwa gunia.

Ni wiki hiyo hiyo ambapo kompyuta ya kaunta huamua kuzunguka tu.

Leo tutajifunza jambo ambalo wengi huwaachia mafundi: kuipa kaunta kipaumbele kwenye swichi ya mtandao. Si ngumu. Ukiwa na saa moja baada ya kufunga duka, unaweza kuifanya mwenyewe.

Jumamosi moja ya bonasi

Shangazi yangu ana duka la jumla Litein. Mbele kuna kaunta mbili zenye kompyuta, juu kuna kamera nne, na nyuma binamu yangu ana saiba ya kompyuta sita. Wateja nao wana waifai ya bure. Vyote hivyo vinakula kutoka laini moja ya intaneti.

Jumamosi ya bonasi, saa tano asubuhi, mfumo wa mauzo ukaanza kuchelewa. Mteja analipa, skrini ya kaunta inabaki inazunguka. Foleni imefika mlangoni, watu wananung'unika. Keshia akafanya ambacho wengi wetu tungefanya: akaanza kuangalia ujumbe kwenye simu ya mteja na kumwachilia aende. Jioni walipolinganisha hesabu, malipo ya shilingi 8,400 hayakuwepo. Ujumbe ulikuwa wa kughushi.

Na kilichoziba njia? Binamu alikuwa anapakia video ya harusi ya mteja wake. Hakuna aliyemkataza, maana hakuna aliyejua kwamba video ya nyuma inaweza kuizuia kaunta ya mbele.

Ndiyo maana sisi kama kampuni ya malipo tunakuandikia kuhusu waya na swichi. Mtandao ukichelewa, keshia anaacha kuuamini mfumo na kuanza kuamini maneno. Hapo ndipo tapeli huingia.

Kwanza: malipo hupita wapi?

Hili tuliweke wazi, kwa sababu hapa wengi huchanganyikiwa.

Mteja anapolipa kwa simu yake, ombi lake kwa kawaida hupita kwenye mnara wa kampuni ya simu. Halipiti kwenye waya wa duka lako. SMS ya uthibitisho inayoingia kwenye simu ya duka pia hupita kwenye mnara. Swichi yako haigusi hayo.

Haya ndiyo hupita kwenye swichi:

- Taarifa ya "pesa imeingia" inayoonekana kwenye mfumo wa mauzo katika kompyuta ya kaunta.
- Ombi ambalo keshia hutuma kutoka kwa kompyuta ili mteja aweke PIN kwenye simu yake.
- Mashine ya kadi iliyochomekwa kwa waya.
- Ukurasa wa taarifa za akaunti unaofungua kulinganisha mauzo.

Kwa hivyo, mnara ukilemewa na watu siku ya soko, swichi haitakusaidia. Lakini kama simu inapokea SMS haraka na kompyuta ndiyo inachelewa, tatizo liko ndani ya duka lako, na unaweza kulitatua.

Swichi, poti na foleni

Swichi tunayozungumzia si ile ya taa. Ni kile kisanduku chenye matundu matano, manane au zaidi ya kuchomekea waya za mtandao. Kila tundu ni poti. Ruta ndiyo inayoleta intaneti kutoka nje. Swichi inaigawa kwa vifaa vya ndani.

Data husafiri ikiwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Pakiti nyingi zikitaka kutoka kwenye poti moja kwa wakati mmoja, hupanga foleni. Swichi ya kawaida haijui malipo ni nini wala harusi ni nini. Aliyetangulia anahudumiwa kwanza, basi.

Swichi yenye mipangilio ina foleni kadhaa kwa kila poti, mara nyingi nne au nane. Unaiambia: kitakachoingia kupitia poti ya kaunta kiende kwenye foleni ya juu, kitakachotoka saiba kiende kwenye foleni ya chini. Hicho ndicho kipaumbele cha poti.

Fikiria lango la kiwanda cha chai. Lori la majani mabichi na lori la kuni yamefika pamoja. Majani yakikaa yanaharibika. Kuni zinaweza kungoja. Askari wa lango anapitisha majani kwanza. Barabara haijaongezeka upana wala lori halijaongezewa mwendo. Kilichobadilika ni nani anapita kabla ya nani.

Ombi la malipo ni dogo sana ukililinganisha na video. Likipewa nafasi ya kwanza, saiba haitahisi kitu. Lakini likikaa nyuma, linaumia. Tupige hesabu: tuseme laini inapakia megabiti 4 kwa sekunde, na mbele ya malipo yako kuna megabaiti 1 ya video inayosubiri. Megabaiti 1 ni megabiti 8, kwa hivyo utangoja sekunde 2. Na ombi moja la malipo huenda na kurudi mara kadhaa: kutafuta anwani, kufungua njia salama, kutuma, kupokea jibu. Mizunguko minne ni sekunde 8. Mteja ameshaanza kuuliza, "Bado?"

Pima kabla ya kugusa chochote

Hapa ndipo tulipoteleza sisi wenyewe. Fundi alikuja, akaweka poti za kaunta kwenye daraja la juu, akaenda. Jumatatu binamu akapakia video nyingine, na kaunta ikazunguka vilevile. Shangazi akasema ameibiwa mara mbili.

Fundi hakukosea mipangilio. Alipanga foleni mahali ambapo hapakuwa na foleni.

Rudi kwenye kiwanda chetu. Lango lina askari mzuri, lakini msongamano uko kwenye daraja jembamba kilomita mbili kabla. Majani na kuni yamekwama pamoja kule. Askari atampitisha nani kwanza, na hakuna aliyefika?

Swichi nyingi za siku hizi hupitisha megabiti 1,000 kwa sekunde kwa kila poti. Laini ya intaneti ya duka ni megabiti 10 au 20. Daraja jembamba ni pale ruta inapotoa data kwenda nje. Foleni inajaa ndani ya ruta, na kwenye swichi kila kitu kinapita bila kungoja.

Hivi ndivyo unavyojua msongamano uko wapi. Kwenye kompyuta ya kaunta yenye Windows, fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, kisha fanya vipimo viwili huku mtu mwingine akipakia video kubwa:

1. Andika ping ikifuatwa na anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Kwa waya, majibu yanafaa kuwa milisekunde 1 au 2 tu.
2. Andika ping 8.8.8.8 -t, ambayo ni anwani ya Google iliyo nje. Simamisha kwa kubonyeza Ctrl na C pamoja.

Kama ruta yenyewe inachelewa kujibu, msongamano uko ndani: swichi nzee, waya mbovu, au kamera nyingi kwenye swichi ya megabiti 100. Kama ruta inajibu haraka lakini 8.8.8.8 inachelewa, msongamano uko kwenye laini ya kwenda nje.

Dukani kwa shangazi, ruta ilijibu kwa milisekunde 1. Nje ilikuwa kama 40 mtandao ukiwa mtulivu, na zaidi ya 2,000 video ilipoanza kupakiwa. Basi tukajua daraja ni lipi.

Siri yenyewe: vuta foleni hadi unapoweza kuipanga

Kama ruta yako ina sehemu ya QoS, herufi hizo tatu ndizo zinazotumika kwa mambo haya ya kipaumbele, ianzie hapo. Lakini ruta nyingi zinazokuja na kifurushi cha intaneti hazina, au zimefungwa na mtoa huduma.

Usikate tamaa. Fanya swichi iwe nyembamba kidogo kuliko laini. Ukiiambia poti inayokwenda kwa ruta isipitishe zaidi ya asilimia 85 ya kasi yako halisi ya kupakia, ruta haitajaa tena. Foleni itahamia kwenye swichi, na kwenye swichi ndipo askari wako amesimama.

Utapoteza kasi kidogo, kweli. Lakini utakuwa na foleni inayokutii.

Hatua kwa hatua

Unahitaji swichi yenye mipangilio. Mfano ni TP-Link TL-SG108E au Netgear GS308E, zote za poti nane. Swichi isiyo na ukurasa wa mipangilio haiwezi kufanya kazi hii, kwa hivyo uliza kabla ya kununua.

1. Chora ramani ya poti. Chukua karatasi. Dukani kwa shangazi iko hivi: poti ya 1, ruta, 2 na 3, kaunta, 4, rekoda ya kamera, 5, saiba, 6, kifaa cha waifai ya wateja, 7, kompyuta ya ofisi, 8, wazi. Bandika lebo kwenye kila waya. Mtu akihamisha waya bila kujua, kipaumbele kinahama na poti, hakimfuati keshia.

2. Pima kasi yako halisi. Fanya hivyo saa za shughuli nyingi, zaidi ya mara moja, na uchukue nambari ya chini. Usitumie nambari iliyo kwenye tangazo. Shangazi alipata megabiti 10 kupakua na 4 kupakia.

3. Ingia kwenye swichi. Andika anwani yake kwenye kivinjari. Iko kwenye kibandiko cha chini au kwenye kijitabu. Badilisha nenosiri la kiwandani papo hapo. Nenosiri la kiwandani linajulikana na kila mtu, hata kijana anayekaa saiba siku nzima.

4. Chagua njia ya kipaumbele. Ukifungua QoS utakuta njia kadhaa. Moja hupanga kwa poti. Nyingine, 802.1p, husoma alama ya 0 hadi 7 iliyo kwenye pakiti. Ya tatu, DSCP, husoma alama ya 0 hadi 63. Kwa mfano simu za mezani za intaneti mara nyingi hutumia 46 kwa sauti. Kompyuta za kaunta kwa kawaida hazijiwekei alama, kwa hivyo kwa duka chagua ya poti, iliyoandikwa "Port Based".

5. Weka madaraja. Poti 2 na 3 (kaunta): la juu kabisa. Poti 7 (ofisi): la kati. Poti 4 (kamera): la kawaida. Poti 5 na 6 (saiba na waifai ya wateja): la chini.

6. Weka kikomo kwenye poti ya ruta. Tafuta sehemu ya kudhibiti kasi. Kwenye poti ya 1, upande wa data inayotoka kwenye swichi, weka asilimia 85 ya kasi ya kupakia. Kwa shangazi, asilimia 85 ya megabiti 4 ni megabiti 3.4, sawa na kilobiti 3,400. Kama swichi inakupa orodha ya kuchagua, chukua nambari iliyo karibu kwa chini.

7. Dhibiti upakuaji. Swichi haiwezi kupanga foleni iliyo upande wa mtoa huduma, lakini inaweza kuwazuia walaji wakubwa wasiijaze. Kwenye poti ya 5 na 6, upande wa data inayotoka kwenye swichi, weka kikomo. Tuliipa saiba megabiti 5 na waifai megabiti 2. Jumla 7 kati ya 10, kwa hivyo 3 zinabaki kwa kaunta na ofisi.

Kumbuka mwelekeo: "kutoka" na "kuingia" hutazamwa kutoka kwenye swichi. Video inayopakiwa na saiba *inaingia* kwenye swichi kupitia poti ya 5 na *inatoka* kupitia poti ya 1. Ukigeuza, utajikuta umebana upande usio na shida.

8. Hifadhi. Kwenye baadhi ya swichi, mabadiliko hufanya kazi mara moja lakini hupotea stima ikikatika, mpaka ubonyeze sehemu ya kuhifadhi. Piga picha kila ukurasa kwa simu. Kisha zima swichi, iwashe, uangalie kama mipangilio imebaki.

9. Pima tena. Pakia video kubwa kutoka saiba, halafu fanya ping 8.8.8.8 -t kwenye *kaunta*. Dukani kwa shangazi, kaunta ilibaki chini ya milisekunde 100 huku saiba ikichelewa kama zamani. Usishtuke kuona saiba inachelewa. Ndiyo maana ya kipaumbele: mmoja akitangulia, mwingine anangoja.

Makosa tunayoyaona sana

*Kila mtu daraja la juu.* Ofisi inataka, saiba inataka, mjomba anayetazama mpira anataka. Wote wakiwa wa kwanza, hakuna wa kwanza.

*Waifai ya ruta kuachwa wazi.* Wateja wakitumia waifai iliyo ndani ya ruta, data yao haipiti kwenye swichi kabisa, na kikomo chako hakiwahusu. Izime, au ibaki yako peke yako. Waifai ya wateja itoke kwenye kifaa kilichochomekwa kwenye poti ya 6.

*Kitufe cha kipaumbele cha swichi za kamera.* Baadhi ya swichi ndogo zinazopeleka umeme kwa kamera zina kitufe kinachopa poti za kwanza upendeleo. Kama kamera zimechomekwa hapo, umezipa kamera nafasi ya kaunta.

*Laini ya 4G.* Kasi yake hupanda na kushuka. Kikomo kilichowekwa usiku wa manane kitakuwa kikubwa mno mchana. Pima mchana, na uwe mkali zaidi kwenye asilimia.

*Kurekebisha siku yenyewe ya bonasi.* Tafadhali. Fanya wiki mbili kabla, usiku, duka likiwa limefungwa.

Na mtandao ukichelewa hata hivyo?

Mipangilio mizuri hupunguza siku mbaya, haiziondoi zote. Kwa hivyo bandika sheria hizi tatu nyuma ya kaunta:

1. Uthibitisho ni ule ulio upande wako: mfumo wako, au SMS iliyoingia kwenye simu ya duka. Simu ya mteja si uthibitisho, hata kama mteja ni jirani.
2. Usimwambie mteja alipe tena kabla ya kuangalia taarifa ya akaunti. Malipo ya kwanza huenda yameingia, na kurudishiana pesa kwenye foleni ndefu ni vita.
3. Hakuna mtu wa kampuni yoyote ya malipo atakayepiga simu kuomba PIN yako ili "kufungua mtandao". Akipiga, kata.

Mpe keshia wako ruhusa ya kusema, "Mama, naomba ungoje kidogo, bado haijaonekana kwangu." Keshia anayeogopa kumkera mteja ndiye tapeli anamtafuta. Shangazi sasa huwaambia wafanyakazi wake kila asubuhi kwamba hatamkaripia mtu kwa kuchelewesha foleni, ila kwa kuachilia mzigo ambao haujalipwa.

Bonasi iliyofuata, binamu alipakia video zake kama kawaida. Zilichelewa kidogo. Kaunta hazikusimama, na jioni hesabu zilikubaliana.

Chora ramani ya poti zako leo, kabla hujasahau. Ukikwama kwenye hatua yoyote, tembelea ajenti wetu aliye karibu au piga nambari ya huduma iliyo kwenye programu yetu, na uwe na picha za mipangilio yako. Kaunta kwanza, mengine yafuate.